Shemeji wa Kituo Kizima

Pale kwenye kituo cha polisi hakuna askari aliyemwita kwa jina lake. Kuanzia mkuu wa kituo hadi yule aliyeajiriwa juzi ambaye buti bado zinambana, wote walimwita Shemeji. Jina hilo lilianza mumewe alipokuwa hai, wakati wenzake wa zamu walipokuwa wakija nyumbani kula chakula chake na kumtania mpaka akawatishia kwa mwiko. Mumewe alipofariki, walikataa kuliacha. Walisema ndugu yao ametangulia, lakini shemeji yao yupo, na shemeji hafukuzwi. Basi akabaki hivyo hivyo, shemeji wa kituo kizima, wanaume kwa wanawake.

Kazi yake ilikuwa ususi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kilichotazamana na ukuta wa kituo, chenye viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu, beseni la kuoshea nywele na benchi la wanaosubiri. Wake wa askari walisuka kwake, askari wa kike walisuka kwake, na habari za kituo zilifika kwenye benchi lile kabla hazijafika kaunta.

Mumewe alikuwa trafiki, na watu walimwita Filimbi. Wenzake walipuliza filimbi kusimamisha magari tu, lakini yeye aliipuliza kama mtu aliyeamka na furaha na hana pa kuiweka. Alikuwa na maneno. Dereva aliyekamatwa naye alianza kucheka kabla hajaambiwa kosa lake. Akamaliza kucheka, akaandikiwa kosa vile vile.

Alifia kazini, asubuhi, kwenye njia panda ya shule. Lori lilikatika breki mteremkoni wakati watoto wanavuka. Filimbi aliwakimbilia, akawasukuma kando mmoja mmoja na wawili wawili, akawatoa wote barabarani. Yeye hakuwahi kutoka. Watoto walibaki na michubuko ya magoti, basi.

Tangu siku hiyo Shemeji hakupita tena njia panda ile. Akienda sokoni alizunguka nyuma ya karakana za mafundi seremala, njia ndefu yenye matope, na hakumweleza mtu sababu. Akisikia honi ya lori, popote alipo, mkono wake ulitafuta ukuta.

Kila mwaka polisi wa eneo lile walikuwa na siku ya kuwakumbuka wenzao waliofia kazini. Walikusanyika kwenye chuo cha polisi nje ya mji, wakapanda baiskeli kwa msafara hadi kwenye mnara wenye majina, katikati ya mji. Kila marehemu alikuwa na baiskeli yake, kibao cha jina lake kimefungwa mbele ya usukani, na aliyeipanda alitoka kituo chake. Baiskeli ya Filimbi ilipandwa na koplo mmoja mrefu kupita kiasi, aliyekuwa mwenzake wa zamu tangu ujana. Huyo walimwita Twiga. Tangu Filimbi afariki, hakuna mtu mwingine aliyekalia kiti cha baiskeli ile.

Mwaka huu Twiga alicheza mpira dhidi ya timu ya zimamoto. Aliruka kuupiga kwa kichwa, akatua vibaya, goti likasema basi. Madaktari walilipasua, wakalishona, wakampa magongo mawili na onyo kali.

Akaja saluni na magongo yake, akainama mlangoni ili asigonge kichwa, akakaa kwenye benchi mguu ukiwa umenyooka mbele kama mlingoti. Shemeji alikuwa anamsuka mwalimu mmoja wa shule ya msingi.

"Shemeji, kituoni kuna vita," alisema Twiga.

"Vita vya nini tena?"

"Vya baiskeli. Mimi ndiyo hivyo unavyoniona. Tembo anasema ipandwe na yeye, kwa sababu yeye na Filimbi walilala kitanda cha juu na cha chini chuoni. Wapelelezi nao wanasema Tembo akikaa juu ya baiskeli ile, itabidi na yenyewe iandikwe kwenye mnara."

Mwalimu akacheka. Shemeji naye akacheka, chanuo mkononi. Tembo alikuwa sajini wa kaunta, mwili kama kabati la nguo, mpole kama maji ya mtungi.

"Wasichana wa zamu ya jioni nao wamejitaja," Twiga aliendelea. "Hata mpishi wa mesi kajitaja. Jana walikaribia kushikana mashati. Afande mkuu kaifungia baiskeli stoo, ufunguo kautia mfukoni. Kasema wewe ndiye utakayeamua. Taja mtu mmoja, vita viishe."

 Shemeji aligawa nywele za mwalimu kwa ncha ya chanuo, akapaka mafuta kwenye mstari, akashika mafungu matatu ya nywele akaanza kusuka. Vidole vyake vilikwenda haraka kuliko kawaida.

"Nitaipanda mwenyewe," alisema.

Mwalimu aligeuka ghafla, chanuo likanasa nyweleni.

"Mwenyewe?" Twiga akauliza. "Unajua kuendesha?"

"Sijui."

"Hata kidogo?"

"Hata kuikokota sijawahi."

Twiga alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa utani, lakini alimtazama Shemeji usoni akaona kwamba hapa utani hauna nafasi.

"Kila mwaka mnaniweka kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai," Shemeji alisema, bila kuacha kusuka. "Mnanipa kitambaa cha kufutia machozi na chupa ya maji. Ninakaa, nawasubiri. Nyinyi mnafika mmelowa jasho, vumbi hadi kwenye nyusi, mnacheka, mnasimuliana nani kaanguka na nani kakatika pumzi. Nyinyi mnamkumbuka mkiwa mnacheka. Mimi nimepangiwa kulia. Na Filimbi unamjua alivyokuwa. Nimechoka kukaa, Twiga."

 Twiga akachukua magongo yake, akasimama polepole.

"Basi ngoja nikamwambie Afande atoe ufunguo," alisema.

Nyumbani habari hazikupokewa hivyo. Shemeji aliishi na mama mkwe wake, mama mzazi wa Filimbi, bibi mwembamba mwenye ulimi mkali na macho yasiyopitwa na kitu. Wawili hao walikuwa wamezoeana kama vidole vya mkono mmoja, na waligombana kila siku kuhusu chumvi.

"Baiskeli," bibi alisema, kama mtu anayetaja ugonjwa. "Kwenye barabara ile ile?"

"Ile ile, mama."

"Barabara imenilia mwanangu. Sasa nawe unataka kuipelekea mkwe wangu?"

 Bibi alisukuma sahani yake kando, akainuka, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Usiku ule hakuna aliyeulizia chumvi.

Asubuhi Shemeji alipotoka kuchota maji ya kuoga, alikuta suruali imekunjwa juu ya kigoda mbele ya mlango wake. Ilikuwa suruali ya michezo ya Filimbi, ya bluu yenye mistari myeupe ubavuni. Imepunguzwa kiuno, imekatwa miguu na kupigwa pindo kwa mkono, mishono midogo ya mtu aliyeshona akiwa karibu kabisa na taa. Bibi alikuwa jikoni akipuliza moto, mgongo ameugeuzia mlango.

"Usije ukanitia aibu," alisema bila kugeuka, "na gauni linaloingia kwenye mnyororo."

Mafunzo yakaanza kwenye uwanja wa gwaride nyuma ya kituo, asubuhi kabla ya saluni kufunguliwa. Twiga aliketi kwenye kiti kivulini, goti juu ya tofali, akawa kocha. Tembo alipewa kazi ya kushika kiti cha baiskeli na kukimbia nyuma. Wengine hawakupewa kazi yoyote, lakini walikuja, zamu iliyokuwa inatoka na zamu iliyokuwa inaingia, na kila mmoja alikuwa mwalimu.

"Shemeji, tazama mbele!"

"Hapana, tazama gurudumu!"

"Usitazame kitu, kanyaga tu!"

"Konda kushoto! Kushoto kwako, siyo kwangu!"

Shemeji alikanyaga, baiskeli ikayumba kama mlevi, Tembo akawa anahema nyuma kama treni. Walizunguka uwanja. Kila walipokata kona, Shemeji alifumba macho. Twiga akapiga kelele kwamba dereva anayefumba macho hupewa adhabu kubwa kuliko anayelewa.

Upande ule kulikuwa na dirisha la mahabusu, dogo, lenye nondo. Nyuso zilijipanga pale kama watazamaji wa mpira.

"Mwambieni asiukabe usukani!" sauti moja ikatoka. "Anaushika kama anamnyonga kuku!"

"Wewe nyamaza," Tembo alijibu huku akihema, "kesi yako ni ya kuku hao hao!"

Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Lakini Shemeji alilegeza vidole, na kweli, baiskeli ikatulia. Akakanyaga tena. Upepo ukampiga usoni. Akasikia nyayo za Tembo zinabaki nyuma, na badala ya kuogopa akajisikia mwepesi, mwepesi kama kitambaa kilichoanikwa. Alipiga ukelele wa furaha. Kisha akakumbuka kwamba hajafundishwa kusimama.

Mbele yake kulikuwa na bustani ya maua ya mkuu wa kituo. Maua yale yalimwagiliwa kwa amri, asubuhi na jioni, na askari aliyekanyaga ukingo wake alijuta. Shemeji aliingia humo mzima mzima, yeye, baiskeli na kibao cha jina.

Mkuu wa kituo akatoka ofisini. Alikuwa mama mfupi mnene, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Kila mtu akasimama wima. Hata mahabusu walinyamaza.

"Nani alikuwa ameshika kiti?" Afande aliuliza.

"Mimi, afande," Tembo akajibu.

"Kwa nini uliachia?"

"Alikuwa anakwenda, afande."

"Alikuwa anakwenda wapi? Kwenye maua yangu?"

 Shemeji, aliyekuwa amelala chali katikati ya maua mekundu na kanyagio likiwa limemkandamiza paja, alijaribu kujizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha mdomoni, akacheka mpaka machozi, petali zimemganda kwenye nywele. Hakuna aliyekuwa amemsikia akicheka hivyo tangu msiba.

Afande alimtazama. Akavua kofia, akampa aliyekuwa karibu naye, akakunja mikono ya shati.

"Inuka, Shemeji," alisema. "Hawa hawajui kufundisha. Mimi niliwafundisha wadogo zangu wote, na hakuna aliyevunjika jino. Panda."

Tangu asubuhi ile walipokezana. Afande alimfundisha breki. Wasichana wa zamu ya jioni walimfundisha kukata kona bila kufumba macho. Mpelelezi mmoja asiyesema sana alimfundisha namna ya kupumua kwenye mlima, na ikajulikana kumbe zamani aliwahi kushinda mashindano na hakumwambia mtu. Wateja wa saluni walisubiri kwenye benchi bila kunung'unika. Wakati mwingine walitoka nje, dawa ya nywele ikiwa bado kichwani, wakasimama ukutani kumshangilia. Shemeji alipata michubuko kila mahali. Bibi alimkanda kwa maji ya moto jioni, akimsema kila alipogusa jeraha jipya, na hakumwambia aache.

Kitu kimoja tu kilibaki. Walipomtoa uwanjani wakampeleka kwenye barabara za mitaani, alikwenda vizuri. Lakini alichagua njia mwenyewe, na kila siku njia hiyo ilizunguka nyuma ya karakana za maseremala. Siku moja lori la mchanga lilipiga honi kwa mbali, Shemeji akatupa miguu chini na kusimama mpaka mngurumo wake ulipopotea. Tembo alikuwa naye.  Jioni alimweleza Twiga, na Twiga akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Msafara unapita njia panda," Tembo alisema.

"Najua unapopita," Twiga akajibu. Kesho yake akaingia kwa Afande na magongo yake, akafunga mlango, na alipotoka hakumwambia mtu alichoomba.

Siku ilipofika, uwanja wa chuo ulijaa kabla jua halijapata makali. Walikuja askari wa vituo vyote, wa mjini na wa mbali. Walikuja zimamoto na makoti yao yenye mistari ya kung'aa, wakamwuliza Tembo kwa sauti kubwa goti la Twiga linaendeleaje, kisha wakacheka na kupeana mikono. Walikuja askari magereza na askari wa wanyamapori. Baiskeli zilipangwa mstari mbele, kila moja na kibao chake. Baadhi ya vibao vilikuwa vimefifia, na kimoja kilikuwa kipya, rangi yake bado inanukia.

Kabla ya kuondoka waliita majina. Ndivyo walivyozoea. Kamanda alisoma jina la marehemu, na kituo chake kikaitikia "Yupo!" kwa pamoja, kama kwenye gwaride la asubuhi. Shemeji hakuwahi kulisikia hilo. Miaka yote alikuwa mnarani, kwenye kiti chake. Sasa alisimama kati ya Tembo na Afande, usukani mkononi, na kila jina lilipoitwa na kila "Yupo!" ilipopaa, vinyweleo vya mikono vilimsimama.

Likafika jina la mumewe. Kituo kizima kilivuta pumzi, lakini hakuna aliyeitika. Shemeji akatazama kushoto na kulia. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Yupo!" akaitika, peke yake, na sauti yake ikafika hadi kwenye mabweni.

"Yupo!" kituo kikamfuata, ngurumo nzima.

Wakaondoka. Mwanzo barabara ilikuwa tambarare, na Shemeji alishangaa jinsi watu walivyokuwa wanaongea. Alidhani msafara ni kimya. Kumbe walisimuliana. Marehemu huyu alikuwa anakoroma hadi panya wanahama. Marehemu yule alimkimbiza mwizi, akamkamata, akagundua ni binamu yake, akampeleka kituoni akilia yeye badala ya mwizi. Tembo alisimulia jinsi Filimbi alivyowahi kulisimamisha gari la mkubwa wao mmoja kwa kuwa taa ya nyuma imekufa, akampigia saluti, akamwandikia kosa, akampigia saluti tena.

"Mbona hakuniambia hiyo?" Shemeji akauliza.

"Alikuwa anaogopa utamgombeza," Tembo alisema huku jasho likimchuruzika. "Kila tulichofanya alikuwa anasema, tafadhali, mke wangu asijue."

Shemeji akacheka. Mzigo aliokuwa nao tangu asubuhi ukapungua kidogo. Kisha barabara ikaanza kuteremka, akaona ukuta wa shule, na kicheko kikamwisha.

 Akaona njia panda. Magari yalikuwa yamesimamishwa pande zote, na upande wa mteremko, mbele kabisa, lilikuwa limesimama lori. Lori jekundu, kubwa, pua yake juu kama ghorofa. Shemeji alishika breki zote mbili. Miguu ikagusa lami, na haikutaka tena kuinuka.

Nyuma yake breki zililia kama ndege wengi. Msafara wote ulisimama. Hakuna aliyempita. Wale wa mbali nyuma, ambao hawakujua kilichotokea, nao waliteremka kwenye baiskeli zao wakasimama.

"Siwezi, Tembo," alisema.

"Sawa."

"Nawachelewesha watu."

"Shemeji, mimi tangu chuoni natafuta sababu ya kupumzika. Tukae hapa hata mpaka jioni."

Akainua macho. Katikati ya njia panda, pale pale Filimbi alipokuwa akisimama, alisimama Twiga. Alikuwa amevaa sare kamili na glavu nyeupe, kofia imenyooka, gongo moja kwapani, lingine amelilaza chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuliwa mbele ya lori jekundu. Dereva wa lori alizima injini. Wa nyuma yake akazima, na wa nyuma yake, hadi njia panda ikawa kimya, na Shemeji akasikia kengele ya shule ikigongwa ndani ya ukuta.

Twiga aligeuza kichwa, akamtazama. Akajaza kifua pumzi.

"Wewe mama mwenye baiskeli!" akapaza sauti. "Ndiyo, wewe mwenye suruali ya mumeo! Umesimama katikati ya barabara kama mnara wa simu! Utapita, au nikuandikie kosa?"

 Yalikuwa maneno ya Filimbi kabisa, mtindo wake, hata ile namna ya kuvuta "wewe". Kitu kikapasuka kifuani mwa Shemeji, na hakujua kama analia au anacheka. Vyote vilitoka kwa wakati mmoja.

"Kosa gani?" akajibu kwa kelele.

"La kuchelewesha sherehe! Na kuharibu maua ya serikali!"

Huko nyuma watu wakaangua kicheko. Afande alijikohoza. Shemeji alifuta uso kwa mkono wa shati, akaweka mguu kwenye kanyagio, akajikaza, akasukuma. Baiskeli iliyumba, ikanyooka. Alipita mbele ya lori jekundu, karibu kiasi cha kuhisi joto la injini, akaona dereva ameshika kofia yake kifuani. Alipompita Twiga, Twiga alishusha mkono uliozuia magari na kupiga saluti, akiwa amesimama kwa mguu mmoja na gongo moja, wima kama kijana wa gwaride.

Akavuka. Alipofika upande wa pili kengele za baiskeli zikalia nyuma yake, moja, kisha nyingi, kisha zote, hadi watu wakatoka madukani kuona harusi inapita wapi.

Baada ya pale, mlima wa kuingia mjini ulikuwa kazi ya miguu tu. Alipumua kama alivyofundishwa. Mahali fulani aliteremka akaikokota, na hakuona aibu, maana Tembo alikuwa anaikokota ya kwake tangu chini. Wakafika mnarani pamoja, wa mwisho kabisa, bendi ikiwa imeshapiga wimbo wake mara mbili ikiwasubiri.

Bibi alikuwa amekaa mstari wa mbele chini ya turubai, kilemba chake kizuri kichwani. Alimkagua mkwewe kuanzia nywele hadi viatu.

"Umefika," alisema.

"Nimefika, mama."

"Suruali imechanika gotini."

"Samahani, mama."

"Utanunua nyingine," bibi akasema, akamvutia kwake, akamkumbatia pamoja na jasho na vumbi lake, na kilemba kikaenda upande.

Wakaweka maua. Wakasimama kimya. Bendi ikapiga wimbo wa taratibu, na waliolia walilia, Shemeji akiwa mmoja wao, kwa sababu siku ile hakuna aliyempangia la kufanya.

Alipogeuka kutafuta maji, akamwona mwanamke kijana kwenye kiti cha plastiki, amebana kitambaa mkononi bila kukitumia. Alikuwa mke wa yule mwenye kibao kipya. Watu walimpita wakimpa pole kwa sauti ya chini, naye aliitikia kwa kichwa, macho hayapo pale. Shemeji hakumpa pole. Alijitupa chini, kwenye nyasi karibu na miguu yake, akavua kiatu na kuanza kukanda kidole.

"Mdogo wangu," alisema, "mumeo alikuwa mtu wa namna gani? Siyo kazini. Nyumbani."

Yule mwanamke alishangaa. Alifikiri.

"Alikuwa hajui kupika," akasema mwishowe. "Lakini alikuwa anajiona mpishi."

"Alipika nini?"

"Wali. Mara ya kwanza alipika mpaka sufuria ikatoboka. Akaificha chini ya kitanda." Mdomo ukamtetemeka, na kabla haujajua kwenda upande gani, ukaenda upande wa kucheka. "Chini ya kitanda, dada! Niliikuta baada ya wiki!"

Shemeji akapiga paja lake na kucheka. Tembo, aliyekuwa amelala kwenye nyasi kama mzoga, akainua kichwa na kuuliza sufuria ya nani. Wale wa kituo cha marehemu walisikia, wakasogea, mmoja akasema hiyo haikuwa sufuria ya kwanza, kuna ya mesi pia. Wakakaa chini, duara likakua. Yule mwanamke kijana akateremka kutoka kwenye kiti cha plastiki, akakaa nao kwenye nyasi. Wazimamoto walileta soda. Twiga akafika kwa gari la doria, akashangiliwa kama waziri, na Shemeji alimwambia atamsuka mkewe bure maisha yake yote. Twiga akasema hiyo ni rushwa mbele ya mashahidi.

Jioni walimrudisha nyumbani kwa gari la kituo, baiskeli nyuma, bibi mbele karibu na dereva akitoa maelekezo ya njia ambayo dereva alikuwa anaijua. Waliposimama mlangoni, Shemeji aliamka usingizini, akajaribu kushuka, akagundua kwamba miguu imegoma. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuna kilichokunjika wala kunyooka.

"Nisaidieni," alisema. "Siyo utani."

Tembo alizunguka kumshika huku, Twiga akaacha gongo moja amshike kule, yule mpelelezi asiyesema sana akabeba viatu. Walimtoa nusu nusu, kama wanaotoa kabati kwenye mlango mwembamba, wakigombana ni upande gani uanze. Majirani walichungulia. Bibi alitangulia kufungua mlango, akawasha taa, akawaonya kwamba atakayegonga ukuta wake ataupaka rangi.

"Mwekeni pale kwenye kochi," aliamuru. "Na nyinyi hamwendi popote. Kaeni chini, mle."

"Mama, tuko zamu," Tembo akalalamika.

"Zamu ya nani? Mimi ndiye mama yenu. Naweni mikono."

Wakanawa mikono, wakakaa. Shemeji, amelala kwenye kochi miguu juu ya mto, alionja mchuzi wa mama mkwe wake kwa kijiko, akasema umepungua chumvi, na ugomvi ukaanza upya.